Mama wa taipu, mausi mbovu na njia za mkato

Najua niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini hiyo itangoja kidogo. Leo nataka tuongee juu ya kitu kidogo sana, kitu ambacho kila mwenye kompyuta anacho mbele yake na wengi hawakitumii: njia za mkato za kibodi. Ctrl+C, Ctrl+V na ndugu zao.

Kilichonikumbusha ni hiki. Jumamosi iliyopita nilikuwa Karatina kwa shughuli nyingine kabisa, nikaingia kwenye duka moja kutoa nakala ya kitambulisho. Kijana wa hapo alikuwa na orodha ya wakulima wa kahawa, majina kama 300, anayahamisha kutoka faili moja hadi nyingine. Anashika mausi, anachagua jina, anabofya kitufe cha kulia, anatafuta neno la kunakili, anabofya. Kisha anashuka chini ya skrini kutafuta dirisha la pili, anabofya kulia tena, anabandika. Halafu anarudi kwa jina linalofuata.

Mimi ni mtu wa programu na nina ugonjwa wa kupima kila kitu. Nikatoa simu nikapima: sekunde 11 kwa kila jina. Nikamwambia, "Hebu jaribu Ctrl+C, kisha Alt+Tab, kisha Ctrl+V." Akajibu, "Hizo nilifunzwa chuoni, lakini nimezoea hii." Alijaribu kwa sababu ya adabu tu. Baada ya majina kumi hivi alikuwa amefika sekunde 4. Piga hesabu mwenyewe: majina 300 kwa sekunde 11 ni dakika 55. Kwa sekunde 4 ni dakika 20. (Najua, waandishi wa programu mnasema hiyo ni kazi ya skripti ya mistari mitano. Kweli kabisa. Lakini yule kijana hakuwa na skripti, alikuwa na mikono yake na foleni ya wateja mlangoni.)

Nikiwa kwenye matatu kurudi Nyeri nikamkumbuka mama mmoja. Yeye ndiye aliyenifanya nichukue vitufe hivi kwa uzito, na kwa kweli nina deni lake. Wacha niwasimulie.

Mwaka 2006 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua kwenye saiba moja mjini Nyeri, si mbali na mahakama. Wakati huo nyaya za chini ya bahari zilikuwa bado hazijafika kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Intaneti yetu ilipitia setilaiti, ikitambaa kama kinyonga, na mteja alilipa kwa dakika. Unamwona mtu anasoma barua pepe ya mwanawe aliye Marekani, jicho moja kwenye barua, jicho lingine kwenye saa ya ukutani.

Lakini pesa za kweli za duka hazikutoka kwa intaneti. Zilitoka kwa kupiga chapa: hati za kiapo za mahakamani, barua za kuomba kazi, na programu za mazishi zenye historia ya marehemu. Mteja alilipa kwa ukurasa.

Mpiga chapa wetu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Kabla ya hapo alikaa miaka mingi barazani na taipureta yake, mawakili na wananchi wakipanga foleni. Mwenye duka aliponunua kompyuta alimchukua kwa sababu wateja walimjua na walimfuata. Alikuwa amefanya mitihani ya taipu zamani hizo, maneno 50 kwa dakika, na ukisimama nyuma yake wala husikii vitufe kimoja kimoja. Unasikia mvua juu ya mabati.

Shida yake ilikuwa moja: mausi.

Vidole vinakimbia, halafu vinasimama. Anainua mkono wa kulia, anaitafuta mausi (zile za zamani zenye kimpira tumboni, kimejaa uchafu), mshale unaruka hadi pembeni, anaufuata, anabofya mahali pasipofaa, anarudi kwenye kibodi, na maneno yanaingia katikati ya sentensi nyingine. Kutwa nzima hivyo. Mtu wa maneno 50 kwa dakika akawa anashindwa na mimi niliyekuwa nikipiga kwa vidole viwili.

Siku moja karani wa wakili alikuwa amesimama pale akingoja hati ya kurasa tatu, na ofisi ya mahakama ilikuwa karibu kufungwa. Mama alipokuwa anataka kusogeza kitu, akachagua maandishi yote bila kujua, kisha akagusa kitufe cha nafasi. Kurasa tatu zikatoweka. Skrini ikabaki nyeupe.

Nataka kuwa mkweli hapa. Mimi nilikuwa kwenye meza ya pili na rafiki yangu, na tulicheka. Tulicheka namna vijana wanavyocheka wazee wakishindwa na simu. Yeye hakusema neno. Alivuta karatasi ya mkono, akaanza upya kutoka neno la kwanza. Karani aliondoka akinung'unika na hati ilichelewa hadi kesho yake. Na mimi nilijua Ctrl+Z. Nilikuwa naitumia kila siku kwenye michezo ya kuchora. Kubonyeza mara moja tu, kurasa zote tatu zingerudi. Haikunijia akilini kwamba yeye hajui, kwa sababu mtu wa ujuzi kama wake, unawezaje kufikiri hajui?

Mwisho wa mwezi mwenye duka akamwambia, mbele yetu sote, kwamba kompyuta hazimfai na atatafuta kijana. Alimpa wiki mbili. Mama alikuwa na mtoto kidato cha tatu.

Jioni hiyo, tukifunga, akanijia. Hakuniuliza mbona ulicheka. Aliniuliza, "Wewe kijana, unanionaje ninavyofanya kazi? Kasoro yangu ni wapi?"

Nikamwambia, "Mama, vidole vyako havina kasoro. Ni hiyo mausi."

Akasema, "Basi itoe."

Nikaichomoa. Hivyo tu. Tukakubaliana kwamba kwa wiki mbili hizo hatagusa mausi, na kila siku nitamwonyesha vitufe vichache, si zaidi. Aliviandika kwa mwandiko wake mzuri kwenye kipande cha boksi, akakisimamisha kando ya skrini. Nitawapa jinsi tulivyofuata, kwa sababu mpaka leo sijaona mpangilio mzuri kuliko huo kwa anayeanza.

Siku ya kwanza: Ctrl+Z, kutendua. Nilianza na hiyo kwa sababu ya aibu yangu, lakini ni sahihi kuanza nayo. Mtu akijua kosa linarudishwa, hofu inaisha, na mtu asiye na hofu hujifunza haraka. Alijaribu: akafuta ukurasa mzima makusudi, akaurudisha. Akafuta tena, akaurudisha. Alifanya hivyo kama mara tano, kimya.

Siku ya pili: Ctrl+S, kuhifadhi. Nyeri wakati wa mvua stima hupotea bila kuaga, na hatukuwa na betri ya akiba. Alijiwekea sheria: kila nukta, Ctrl+S. Ilikuwa kama sehemu ya alama za uandishi.

Siku ya tatu: kutembea. Ctrl pamoja na mshale wa kulia au kushoto, unaruka neno zima. Home na End, mwanzo na mwisho wa mstari. Ctrl+Home, mwanzo wa hati. Ukiongeza Shift juu ya hayo yote, unachagua maandishi unapotembea. Ctrl+Backspace, unafuta neno zima lililo nyuma yako.

Siku ya nne: Ctrl+X, Ctrl+C, Ctrl+V. Kata, nakili, bandika.

Siku ya tano, mambo ya Word: Ctrl+B kwa herufi nzito, Ctrl+U kupiga mstari chini, Ctrl+E kuweka kichwa katikati. Ctrl+2 kutanua nafasi ya mistari kama mawakili wanavyotaka, na Ctrl+1 kuirudisha. Shift+F3 kubadili herufi ndogo kuwa kubwa bila kuandika upya. Hii ya mwisho aliipenda kupita zote, kwa sababu majina katika hati za kiapo huandikwa kwa herufi kubwa.

Siku ya sita: Alt+Tab kuhama dirisha, Ctrl+P kuchapisha.

Sasa sikilizeni kitu nilichojifunza mimi. Nilipoanza kumweleza maana ya kushikilia Ctrl huku ukibonyeza kitufe kingine, alinikatiza: "Kwani si Shift hiyo?" Akanieleza kwamba kwenye taipureta, ukibonyeza Shift, chuma chenyewe kinasogea, ndipo nyundo ileile inapiga herufi kubwa badala ya ndogo. Kitufe kimoja, kazi mbili. Ctrl akaiita "Shift ya pili" na Alt "Shift ya tatu". Mimi nilikuwa nimekariri vitufe kama namba za simu. Yeye alielewa mashine.

Pia aliniuliza mbona C ni kunakili na V ni kubandika, hazifanani na neno lolote. Ni kweli, kwa Mswahili herufi hizi hazisaidii kukumbuka. Hata walipotuletea menyu za Kiswahili (mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004) vitufe vilibaki vilevile. Lakini angalia kibodi yako: Z, X, C, V zimepangana mstari wa chini, mkono wa kushoto, jirani na Ctrl. Mama hakukariri herufi, alikariri mahali. "Cha kwanza kinatendua, cha pili kinakata, cha tatu kinanakili, cha nne kinabandika." Jifunze hivyo. Vidole hukumbuka mahali kuliko majina.

Kwa wapenda historia: wazo la kukata, kunakili na kubandika kwenye kompyuta tunamdai Larry Tesler, aliyelitengeneza pamoja na Tim Mott katika maabara ya Xerox PARC, California, katikati ya miaka ya 1970. Tesler alifariki Februari 2020. Mausi ni ya Douglas Engelbart, aliyeionyesha hadharani Desemba 1968. Na watu husahau kwamba katika maonyesho yaleyale Engelbart alitumia mikono yote miwili: mmoja kwenye mausi, mwingine kwenye vitufe. Hakukusudia mausi ichukue kazi yote.

Turudi Nyeri. Wiki ya pili ilipoisha mwenye duka alikuja kumtazama. Kulikuwa na hati ya kurasa nne. Aliimaliza, akaichapisha, akaibana pini, na mausi ilikuwa bado imelala kwenye droo. Habari ya kuondoka haikutajwa tena.

Nami kwa kiburi changu nikasema tushindane, aya moja, kila mtu na kompyuta yake. Alimaliza nikiwa katikati. Nilizijua njia za mkato zote alizojua yeye na nyingine zaidi, lakini nilikuwa na vidole viwili. Hapo ndipo alipogeuka mwalimu. Kila jioni alinikalisha, vidole vya kushoto kwenye A, S, D, F, vya kulia kwenye J, K, L na nukta-mkato, akafunika mikono yangu kwa leso nisitazame. (Umewahi kuona vile vialama vidogo kwenye F na J? Ni vya kidole kupata nyumbani bila macho.) Baridi ya Julai, vidole vimeganda, naye anasema, "Usitazame. Tena. Usitazame."

Kwa hivyo msomaji, kabla hujaenda kutafuta orodha ya njia 100 za mkato, jiulize kwanza vidole vyako vinakaa wapi. Njia ya mkato ina faida kwa mkono ambao tayari uko kwenye kibodi. Kama unauinua kila mara kuzitafuta herufi, hujafupisha kitu.

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niwe mwandishi wa programu.

Programu za mazishi nyingi zilikuwa na sehemu za Gĩkũyũ, na Gĩkũyũ kina herufi mbili ambazo kibodi yetu haina: ĩ na ũ. Si mapambo. Tũma ni kutuma, tuma ni kushona nguo. Kwenye taipureta mama alikuwa akiongeza alama hizo kwa kalamu kabla ya kutoa nakala. Sasa wateja walitaka kila kitu kitoke safi kwenye printa, na duka nyingi ziliziacha tu. Ndiyo maana mpaka leo unaona jina la Ngũgĩ limeandikwa Ngugi kila mahali.

Nikatafuta. Word ilikuwa na njia ya Ctrl+Shift+~ kisha herufi, lakini katika orodha yake ilitaja ã, ñ na õ, herufi za Wareno na Wahispania. Zetu hazikuwemo. Nikapata nyingine: andika 0129 kisha Alt+X, unapata ĩ. Andika 0169 kisha Alt+X, unapata ũ. Furaha kubwa! Mpaka mjukuu mmoja alipoleta historia ya bibi yake, na neno la kwanza lilikuwa cũcũ. Tukaandika c, 0169, Alt+X, na badala ya ũ tukaona kitu kisichoeleweka.

Nilikaa na hilo siku mbili. Tatizo ni kwamba namba 0169 si ya kawaida. Imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo ikimaliza 9 inaendelea na A, B, C, D, E, F. Kompyuta ilipoona c kabla ya 0169 ilidhani ni sehemu ya namba. Ndiyo sababu Njerĩ ilikubali na Wambũi ikakataa: r si namba, b ni namba. Dawa ni kuchagua zile tarakimu nne peke yake kabla ya Alt+X. Siku nilipoelewa hilo, peke yangu, kwenye saiba ya Nyeri, nilijua ninataka kufanya kazi gani maishani.

Nikamweleza mama kwa fahari. Alinisikiliza, akasema inachosha, inamkatiza mwendo. Kesho yake alikuwa na njia yake. Aliandika historia nzima kwa kasi yake ya kawaida, na kila penye ĩ akaweka i=, penye ũ akaweka u=. Mwisho akabonyeza Ctrl+H, ile ya kutafuta na kubadilisha, akabadilisha i= zote kuwa ĩ kwa mara moja, kisha u= zote kuwa ũ. Kurasa mbili, nusu dakika. Mjukuu alisoma palepale, akafika kwenye jina la bibi yake, akalisoma tena kwa sauti.

Leo ninaandika programu kwa mshahara na bado nakutana na watu wenye shahada ambao hawangefikiria njia hiyo.

Haya, ushauri wangu ni mfupi. Usijifunze njia ishirini leo, utazisahau kesho. Angalia kazi unayoirudia sana, tafuta kitufe chake kimoja, kiandike kwenye karatasi kando ya skrini, na kwa wiki nzima jikataze kuifanya kwa mausi. Siku mbili za kwanza utakuwa polepole kuliko kawaida. Vumilia. Kama tayari unazijua zile za zamani, ongeza Ctrl+Shift+T, inayofungua tena ukurasa wa intaneti uliofunga kwa bahati mbaya, na kwenye Windows jaribu kitufe cha Windows pamoja na V: tangu 2018 inakuonyesha orodha ya vitu ulivyonakili karibuni, si cha mwisho tu. Huenda ukaulizwa kwanza uiwashe.

Mama alistaafu zamani, yuko nyumbani kwake upande wa Othaya. Mwezi uliopita alinipigia simu. Alikuwa amefuta ujumbe mrefu aliokuwa akiwaandikia wenzake wa chama. "Mwanangu," akaniuliza, "kwenye hii simu, Ctrl+Z iko wapi?"

Nilicheka. Safari hii naye alicheka.

Mpaka wakati mwingine. Na kama una njia yako ya mkato ambayo sijaitaja, niambie, nitaijaribu wiki hii.